Mjomba, walituchora?

Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta wa Gereza, ile ngome kongwe ya Kilwa Kisiwani. Maji yalikuwa yamekupwa na nahodha alisema tungoje yajae kidogo ndipo turudi Masoko. Mwongozaji wetu, mzee mtaratibu anayeijua Kilwa kama anavyoijua nyumba yake, alikuwa amefika mwaka 1505 katika simulizi lake. Mreno Francisco de Almeida na meli zake za vita. Amiri Ibrahim anakimbia. Mji unaporwa, ngome inaanza kujengwa.

Mpwa wangu, wa darasa la tano, akainua kichwa.

"Babu, na hao Wareno walituchora?"

Mzee akatabasamu. "Waliandika tu, mjukuu wangu. Picha hakuna."

Nami nikadakia kumsaidia. Nikamwambia mtoto kwamba enzi zile kamera hazikuwepo.

"Sijauliza kama walitupiga picha, mjomba. Nimeuliza kama walituchora."

Maji yakajaa, tukavuka. Njia nzima alikuwa anachezesha vidole majini na hakuuliza tena. Lakini swali lilikuwa limeshanipanda kichwani, na hadi naandika haya, wiki saba zimepita, halijashuka.

## Mji usio na bahari

Nilianza kutafuta kwa Wareno. Picha za meli nilizikuta, za manahodha wao wenye ndevu nilizikuta. Usiku wa tatu ndipo nikakutana na jina ambalo sikulitarajia: Hans Burgkmair. Si Mreno. Ni Mjerumani wa Augsburg, mji wa kusini mwa Ujerumani ulio mbali kabisa na bahari. Mwaka 1508, miaka mitatu tu baada ya Kilwa kuporwa, huyu bwana alichora watu wa pwani za Afrika, Arabia na India, michoro yake ikachongwa kwenye vibao vya mti na kuchapwa kwa wino kwenye karatasi.

Furaha niliyokuwa nayo usiku ule ilidumu mpaka nilipojiuliza habari za Kilwa zilifikaje Augsburg.

Zilifuata fedha. Msafara wa Almeida ulitoka Lisbon tarehe 25 Machi 1505, na ndani yake zilikuwemo meli tatu zilizoandaliwa kwa fedha za wafanyabiashara wa Kijerumani na Kiitaliano: São Rafael, São Jerónimo na Leonarda. Wajerumani peke yao walitoa cruzado 36,000, sarafu za dhahabu za Kireno. Kati ya hizo, 20,000 zilitoka kwa kampuni ya Welser na wenzao Vöhlin, matajiri wa Augsburg. Walichokitaka ni pilipili manga. Yaliyotokea njiani hayakuwazuia kuhesabu magunia.

Welser walimtuma mtu wao kwenye safari ile, Balthasar Springer, mzaliwa wa Vils kule Tirol. Alirudi Lisbon Novemba 1506 akiwa na mengi ya kusimulia. Na pale Augsburg alikuwepo Konrad Peutinger, mwandishi wa mji, msomi mwenye maktaba kubwa, ambaye mkewe Margarete alikuwa binti wa ukoo huohuo wa Welser. Januari 1505, kabla meli hazijang'oa nanga, Peutinger alikwisha kuandika kwamba ni sifa kubwa kwa watu wa Augsburg kuwa Wajerumani wa kwanza kuitafuta India.

Peutinger alikuwa rafiki wa Burgkmair, na mara nyingi ndiye aliyempa kazi.

Nikauona mstari mzima: mfuko wa Welser, meli, Kilwa, Mombasa, pilipili, Springer, Peutinger, kalamu ya Burgkmair. Nikazima simu. Kwa siku nne sikutaka kuiona tena ile picha.

## Mtoto wa mchoraji

Siku ya tano nilirudi, safari hii nikimtafuta yeye mwenyewe. Nilitaka kujua ni mtu wa namna gani.

Alizaliwa mwaka 1473. Baba yake, Thoman, alikuwa mchoraji, na mtoto akakulia kwenye harufu ya rangi na gundi. Mwaka 1488, akiwa na miaka 15, alipelekwa Colmar kwa Martin Schongauer. Huyu Schongauer alikuwa mwana wa sonara, na kwenye bamba la shaba aliweza kuchora ngozi, manyoya na nywele kwa vistari vyembamba kuliko uzi. Alifariki mwaka 1491. Albrecht Dürer, ambaye jina lake leo limewafunika wote, alifunga safari ya Colmar kwenda kujifunza kwake, akafika mwaka 1492 na kumkuta ameshazikwa.

Burgkmair alimwahi.

Ninalipenda sana jambo hili. Kuna ujuzi ambao haukai kwenye vitabu, unapita kutoka mkono hadi mkono, na ukichelewa mwaka mmoja umeukosa. Waliowahi kukaa karakana moja na fundi wa milango ya nakshi wanajua ninachosema. Fundi hasemi sana. Anakushika kiganja, anakigeuza kidogo, anakiachia. Hapo umefundishwa.

Mwaka 1498 Burgkmair alikubaliwa kuwa fundi kamili mjini kwao, na mwaka huohuo akamwoa Anna. Ndio mwaka ambao Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi.

Lazima niseme kidogo jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, maana bila hilo utamwona Burgkmair kama mtu mmoja mwenye penseli. Mchoraji huchora juu ya kibao. Kisha huja fundi mwingine kabisa, mchongaji, ambaye kwa kisu na patasi huondoa kila sehemu ambayo si mstari. Kinachobaki kimeinuka ndicho kinachopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, kama muhuri, na picha hutoka imegeuka kushoto kulia. Mchongaji akiteleza mara moja, pua ya mtu imekwenda. Mtu wa pili huyu mara nyingi hatajwi popote.

Kwa Burgkmair, mmoja wao tunamjua: Jost de Negker, aliyehamia Augsburg kutoka Antwerp. Nitarudi kwake.

## Ile picha ndefu

Ilichapwa kwa vibao kadhaa, karatasi zikaunganishwa zikawa kama mkanda mrefu wa kubandika ukutani. Unaisoma kama unavyosafiri. Kwanza Gennea, yaani Guinea. Halafu Allago, ghuba ya Algoa kule kusini mwa Afrika. Halafu Arabia. Halafu India Kuu, na mwisho Mfalme wa Cochin, mji wa pwani ya India, amebebwa kwenye machela, watu wake wakimzunguka.

Ili uelewe kwa nini nilishtuka, kumbuka watu wa Ulaya walikuwa wamezoea kuona nini. Mwaka 1493 pale Nürnberg kilichapwa kitabu kikubwa cha historia ya dunia, na ndani yake watu wa nchi za mbali wana vichwa vya mbwa. Wengine hawana vichwa kabisa, macho yako kifuani. Wengine wana mguu mmoja mpana wanaojifunikia jua. Hayo yalichapwa kama elimu, na watu wakayanunua kama elimu.

Miaka 15 baadaye anakuja Burgkmair na kuchora baba, mama na watoto.

Ni hivyo tu. Mwanamume amesimama, uzito wake ameuweka mguu mmoja, kama mtu anayengoja mwenzake. Mwanamke yupo na mtoto wake. Kila familia ina vazi lake, nywele zake, vitu vyake mkononi. Wa Allago wamevaa ngozi, na ngozi ile imechorwa kwa uangalifu uleule ambao mwalimu wake wa Colmar angeutumia kwa joho la mtakatifu. Miili ni mizuri. Alikuwa ameitazama sanaa ya Italia na sanamu za kale, akachukua vipimo ambavyo wenzake waliviweka kwa miungu ya Warumi na kuvipa watu wa Guinea.

Hakuna zimwi hata mmoja.

Niliikuza picha kwenye simu mpaka nikaona ukingo wa mstari ulivyomeguka pale wino ulipokosa kushika. Nikamtazama yule mama na mtoto wake muda mrefu. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Mtu mmoja katika mji usio na bahari aliambiwa habari za watu weusi wa mbali, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba lazima wana watoto wa kubeba.

Lakini hakuwahi kuwaona pale walipo. Yeye hakupanda meli ile. Alichora masimulizi ya mtu mwingine. Na ipo kazi yake nyingine, iliyoko London, inayoonyesha hatari ya jambo hilo: kijana mweusi amevalishwa sketi ya manyoya ya ndege ya watu wa Brazili, na mkononi ameshika ngao ya Meksiko. Kijana amechorwa vizuri, vitu vimechorwa vizuri, ila vimekusanywa kutoka pembe za dunia ambazo hazijuani. Mkono hodari unaweza kukuaminisha jambo ambalo halikuwepo.

## "Nyumba ziko wapi?"

Niliituma ile picha kwa mpwa wangu kupitia simu ya mama yake. Nikaandika maelezo marefu, yule zimwi wa mguu mmoja nikamweka humo, nikijua atampenda. Jioni ikaja sauti yake, sekunde sita tu:

"Nimeona, mjomba. Sasa nyumba ziko wapi?"

Nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nzima. Sikuwa nimeliona hilo.

Kati ya Allago na India msafara ule haukupita baharini tu. Ulikaa kwetu. Tarehe 24 Julai 1505 ulishambulia Kilwa. Katikati ya Agosti ulichoma Mombasa. Hii ndiyo sehemu ya safari iliyokuwa na miji, misikiti, visima, mabustani, watu waliosoma na kuandikiana barua. Kwenye mkanda wa Burgkmair, kati ya watu waliovaa ngozi na mfalme aliyebebwa kwenye machela, limesimama neno moja: Arabia. Kama sisi tumo, tumo ndani ya neno hilo. Mji wa mawe haumo. Ghorofa hazimo. Ule msikiti ambao mpwa wangu alihesabu nguzo zake mpaka akapotea hesabu haumo.

Wala usidhani habari hazikufika. Mjerumani mwingine, Hans Mayr, alikuwa ndani ya São Rafael, na ameacha maelezo. Anasema nyumba za Mombasa zilikuwa na ghorofa mpaka tatu, zimepigwa chokaa, njia ni nyembamba, na moto ulipowashwa kwenye nyumba za makuti ulitambaa mji mzima. Kwenye maelezo hayohayo imo barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi. Anamwarifu mwenzake kwamba amekuja bwana mkubwa na moto, ameingia mjini kwa ukatili usiomwacha mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto mchanga. Hata ndege wa angani, anasema, hawakusalimika. Na harufu ya maiti ni kali kiasi kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuingia mjini kwake.

Nimekulia pwani. Nimesoma 1505 shuleni, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Harufu ile sikuwahi kuambiwa.

Nakala ya maelezo ya Mayr ilikuja kuhifadhiwa katika maktaba ya nani? Ya Peutinger. Palepale Augsburg.

Mama yangu alikuwa na kauli aliyoitoa kila mtu alipochelewa chakulani: asiyekuwapo na lake halipo. Nilidhani ni maneno ya sahani.

## Vita alivijua

Kwa siku kadhaa nilimtetea Burgkmair kichwani mwangu. Nikasema labda alikuwa mtu wa picha tulivu, mchoraji wa familia, hakuweza moshi na damu.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo lazima nirudi kwa Jost de Negker.

Mwaka 1510 hawa wawili walitoa chapa inayohesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake. Zamani rangi ilipakwa kwa mkono baada ya kuchapa. Wao walitumia vibao vitatu kwa picha moja, kila kimoja na kiwango chake cha giza, na karatasi ikapita juu ya kila kimoja bila kukosea nafasi hata kwa unene wa ukucha. Ukiondoa kibao kimoja tu, picha haieleweki. Giza na mwanga ndivyo vinavyochora, mistari inasaidia.

Na picha yenyewe? Mauti, lenye mabawa, limemwangusha askari kijana mlangoni mwa nyumba nzuri ya mawe. Limempanda juu na linamfungua taya kwa mikono. Msichana wake anakimbia, nguo yake imenaswa kwenye meno ya Mauti. Nyuma yao kuna mfereji, kama Venice.

Mlango. Nyumba ya mawe. Maji nyuma yake. Mtu anauawa kizingitini.

Niliitazama na nikaiona Mombasa. Kila alichokihitaji kuichora alikuwa nacho mkononi. Nguzo na matao ndiyo mambo aliyoyapenda kuliko wenzake wote wa Augsburg. Na kwa ajili ya Kaisari Maximilian, mtawala wa Wajerumani, alichora vita kwa wingi: katika Weisskunig, simulizi la maisha ya Kaisari, michoro yake inapita 100, na vita vimejaa humo. Vita vya mwajiri vilistahili kuchorwa.

Tena Kaisari huyohuyo aliagiza maandamano ya ushindi yachongwe kwenye vibao, karibu nusu yake ikiwa michoro ya Burgkmair. Maandamano yenyewe hayakuwahi kutembea barabara yoyote, yalikuwa ya karatasi tu, na Maximilian alikufa Januari 1519 hata hayajakamilika. Ndani yake wamo watu wa "Calicut", bandari ya India, wamechorwa na mkono uleule, wanatembea na ndovu nyuma ya mtawala ambaye hajawahi kuwatawala siku moja. Zile familia za mwaka 1508 zimepata ndugu, na ndugu hao wako kwenye msafara wa washindwa.

Mwaka 1509 Springer alichapisha habari za safari yake. Michoro ya Burgkmair ilinakiliwa na mchoraji mwingine, Wolf Traut, ikaingizwa humo. Kwa hiyo katika kitabu kimoja msomaji alipata maneno ya miji kuporwa na picha za familia zimetulia. Hakuona tatizo.

Basi mimi nimefika hapa. Jicho la Burgkmair lilikuwa jema, pengine jema kuliko yote ya wakati wake. Sitalikana hilo kwa sababu ya hasira. Lakini jicho lile lilitazama pale mwenye fedha alipolielekeza, na upole wa picha ile umenunuliwa kwa kuacha mahali pamoja patupu. Patupu penyewe ni kwetu. Ninaipenda picha na ninaidai, yote mawili kwa moyo uleule.

## Kioo

Mwaka 1529, miaka miwili kabla Burgkmair hajafa, mchoraji Lucas Furtenagel alimchora akiwa na mkewe Anna. Wanatutazama. Wamechoka, yeye ana miaka 56, mkewe amefungua nywele. Anna ameshika kioo. Ndani ya kioo, mahali pa nyuso zao, kuna mafuvu mawili.

Maandishi yanasema: hivi ndivyo tulivyokuwa sisi wawili, lakini kwenye kioo hakuna kitu ila hiki.

Nimemwonyesha mwenzangu mmoja, akasema inatisha. Mimi sikuogopa. Nilimwona mzee aliyetumia maisha yake kuwapa watu sura, waliokuwepo na wasiokuwepo, sasa anakubali sura yake mwenyewe iandikwe kwamba si kitu. Nikamsogelea kidogo. Kama ningekutana naye nisingempigia kelele. Ningemuuliza swali la sekunde sita.

## Sebuleni

Jumamosi iliyopita nilipeleka picha duka la steshenari, nikachapisha vipande vya A4, nikaenda navyo kwa dada yangu. Tukavitandaza sakafuni, mimi na mpwa wangu, tukaanza kugundisha. Nataka tukirudi Kilwa likizo ijayo tumpelekee yule mzee wa Gereza, maana tulimwacha na jibu lisilo kamili.

Gennea ikakaa vizuri. Allago ikakaa vizuri. Nikashika kipande cha Arabia, nikakipaka gundi ukingoni.

"Subiri," akasema.

Akaenda kwenye begi lake la shule, akachana karatasi moja nyeupe ya katikati ya daftari, ile ya kurasa mbili, akaja kuiweka baada ya Allago. Akainyoosha kwa viganja.

"Hapa pameruka, mjomba."

Nikaigundisha. Arabia ikasogea mbele, India ikafika mlangoni, na Mfalme wa Cochin ikabidi tumpandishe kidogo juu ya kapeti.